Coco alfajiri, kilomita zikitafutwa hadi ya mwisho

Saa 11:10 alfajiri ufukwe wa Coco, Oysterbay jijini Dar es Salaam, ni wa kunguru na walinzi. Meza za wauza mihogo zimefunikwa maturubai, viti vya plastiki vimepangwa kimoja juu ya kingine na kufungwa mnyororo. Bahari inasikika lakini haionekani.

Anayefika wa kwanza ni mzee wa miaka 67, mwalimu mstaafu wa sekondari, anayeshuka kwenye bodaboda akiwa na bukta, fulana iliyopauka na mfuko wa kitambaa begani. Ndani ya mfuko kuna chupa ya maji, kalamu mbili na kaunta buku lenye jalada lililoshikiliwa kwa gundi ya karatasi. Humo zimo kilomita za watu 31, mwezi kwa mwezi, kwa mwandiko ule ule wa ubaoni.

Simu zinahesabu, saa za mkononi zinahesabu, na kundi la WhatsApp lina jedwali lake. Bado mzee anaandika. Akiulizwa sababu, anajibu kwamba simu huibiwa.

Hii ni Jumamosi ya mwisho ya Januari, siku ambayo wanakikundi wenyewe wanaiita siku ya kufunga hesabu. Kila mmoja alitangaza lengo lake tarehe 1: kilomita 50, 80, 100, mmoja 200. Leo ndiyo nafasi ya mwisho ya kuokota zilizobaki. Na kwa kuwa Kilimanjaro Marathon inayofanyika Moshi iko wiki chache mbele, Januari huwa mwezi mnene kuliko yote. Hata wale ambao Oktoba walikuwa wanatafuta visingizio vya mvua, sasa wanakuja bila kuamshwa.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Umebakiza ngapi?"

Ndivyo salamu zinavyokwenda. Habari za nyumbani zitaulizwa baadaye, pumzi zikirudi.

Wanaokusanyika si wanariadha. Yupo karani wa benki mwenye kitambi kinachopungua polepole, fundi wa viyoyozi, wanafunzi wawili wa chuo, mama anayeuza vitenge Kariakoo anayekimbia na hijabu na suruali pana, dereva wa bajaji ambaye huiegesha pembeni na kuifunga tairi kwa mnyororo, na kijana mtaalamu wa fiziotherapia anayetoka zamu ya usiku hospitalini akiwa bado na macho mekundu. Wengi walijifunza kukimbia pale pale Watanzania wengi walipojifunzia, kwenye mchakamchaka wa shule ya msingi, miguu peku na nyimbo, kisha wakaacha kwa miaka ishirini au zaidi.

Mzee yeye hakuacha. Alikuwa kijana shuleni mwaka 1974 redio ilipotangaza kwamba Filbert Bayi ameweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch, New Zealand, akiongoza toka mwanzo hadi mwisho. Mwaka 1989 Juma Ikangaa aliposhinda New York Marathon, mzee alikuwa tayari anawafukuza wanafunzi wake uwanjani na kipenga. Majina hayo huyataja kama mtu anavyotaja ndugu waliohamia mbali.

Mtu anayeangaliwa zaidi asubuhi hii ni mwanamke wa miaka 38, mhasibu, mkazi wa Sinza na mama wa watoto wawili. Kwenye kitabu cha mzee mstari wake unasomeka hivi: Septemba 42, Oktoba 61, Novemba 80, Desemba 104. Lengo la Januari ni 130. Mpaka jana jioni alikuwa na 118. Amebakiza 12, na amekuja mapema kuliko kawaida yake.

Alianza kwa sababu ya kipimo. Agosti alikwenda kliniki na maumivu ya kichwa, mashine ya presha ikasoma 150 kwa 95, akaambiwa arudi baada ya wiki ikasoma karibu vile vile. Baba yake alifariki kwa kiharusi. Akapewa ushauri wa kupunguza chumvi, kupunguza uzito na kutembea kwa bidii. Kutembea kukawa kukimbia, kukimbia kukawa kuhesabu. Desemba alipokwenda Mweka kwa mama yake, kwenye miteremko ya mlima, alikuwa akitoka nyumbani kabla ya chai na kushuka barabara ya lami mbio. Majirani wakawa wanamuuliza mama yake ni nani anayemfukuza huyu binti.

Presha imeshuka. Hilo analisema kwanza kabla hajasema kitu kingine. Na ameshalipia nusu marathoni ya Moshi, zile kilomita 21 na ushee, ambazo njia yake hupanda kuelekea huko huko Mweka kabla ya kurudi mjini. Mama yake ameahidi kusimama barabarani. Kwa hiyo kwake 130 siyo namba tu. Ni ushahidi kwamba ataweza kupita mbele ya mama yake akiwa anakimbia.

Kitu ambacho hajakisema kwa mtu ni kwamba muundi wa kushoto una wiki mbili unauma.

*

Saa 11:35 wanaondoka, wakiwa wameshapasha misuli moto kwa mizaha mingi na mazoezi machache. Taa za barabarani bado zinawaka. Upande wa Coco barabara inawapokea kwa upepo wenye chumvi, kisha inapanda kidogo na ghafla wako juu ya maji.

Daraja la Tanzanite lilianza kutumika Februari 2022. Lina urefu wa kilomita 1.03 na njia nne za magari, na lilijengwa ili kupunguza foleni ya Daraja la Salenda, lile la zamani ambalo kwa miongo mingi lilibeba karibu kila gari lililotoka Oysterbay, Msasani na Mwenge kwenda mjini. Wahandisi walikuwa wanafikiria magari. Wakimbiaji na wapiga picha wakaliona mapema zaidi kuwa ni la kwao. Kwa mtu anayehesabu, daraja hili ni zawadi: limenyooka, njia ya waenda kwa miguu imetengwa kabisa na magari, na urefu wake unajulikana. Kwenda na kurudi ni kama kilomita mbili. Wapo wanaotimiza lengo la mwezi mzima hapa hapa, huku na huku kama mtu anayesubiri simu.

Kushoto ni bahari wazi. Kulia, gizani bado, ni mdomo wa Mto Msimbazi, mikoko, na taa za Salenda. Jua la Januari huchomoza karibu saa 12 na nusu, na mkimbiaji aliyejipanga vizuri hulikuta likitoka upande wa kushoto wakati anaelekea mjini. Aliyejipanga vibaya hulikuta wakati wa kurudi, nalo limeshakasirika.

Darajani ndipo maneno hutoka, kwa sababu mwendo bado ni wa taratibu. Karani wa benki anaeleza kucha ya kidole gumba iliyogeuka nyeusi na kung'oka bafuni, mke wake akapiga kelele akidhani ni mende. Muuza vitenge anasema michubuko ya mapajani imekwisha tangu alipoanza kupaka mafuta ya mgando kwa wingi. Mwanafunzi mmoja amenunua raba za mitumba Karume, nzuri kwa macho, lakini soli upande wa ndani imelika, na tangu hapo goti linamsema. Mtaalamu wa fiziotherapia anamwambia kiatu cha mtumba kisomwe soli kabla ya kusomwa jina, kwa sababu kimeshazoea mguu wa mtu mwingine.

Kisha linaibuka suala la bajaji, kama linavyoibuka kila mwezi. Novemba iliyopita mwanakikundi mmoja alituma kwenye kundi picha ya mbio zake, kilomita 14, hongera zikamiminika. Mzee akavaa miwani akasoma mistari ya chini. Kilomita ya tisa ilikuwa imekimbiwa kwa dakika 1 na sekunde 50. Mzee akaandika kundini, kwa adabu, kwamba hayati Kelvin Kiptum wa Kenya alipoweka rekodi ya dunia ya marathoni huko Chicago mwaka 2023, saa 2 na sekunde 35 kwa kilomita 42, wastani wake ulikuwa karibu dakika 2 na sekunde 52 kwa kilomita. Je, kikundi kiwasiliane na shirikisho?

Mhusika aliapa kwamba alichoka akapanda bajaji, akasahau kuzima simu. Labda. Lakini tangu siku hiyo kilomita yoyote inayotiliwa shaka inaitwa "ya bajaji", na dereva wa bajaji aliyemo kikundini anadai alipwe haki ya jina.

Inachekesha, ila ndani yake kuna jambo. Hakuna zawadi kwenye daftari la mzee. Anayefikisha 200 na asiyefikisha 50 wote hununua mihogo kwa bei moja. Hata hivyo watu wazima wenye kazi na familia wamewahi kudanganya, kununiana na hata kutoka kwenye kundi kwa sababu ya namba ambayo hakuna mtu nje ya kundi anayeijua. Simu zenyewe hazikubaliani. Wawili wakikimbia bega kwa bega, mmoja anasomewa 9.8 na mwingine 10.1, kwa kuwa kila simu hukisia mahali ilipo kwa ishara za setilaiti, na ishara hizo huyumba kwenye miti na majengo marefu. Wa 9.8 hatakwenda nyumbani. Atazunguka maegesho ya Coco mara tatu, jasho linamtiririka, mpaka isome 10.

*

Daraja linaishia karibu na Hospitali ya Aga Khan, na kutoka hapo ni Barabara ya Barack Obama, ambayo wakazi wa siku nyingi bado wanaiita Ocean Road. Ni kipande kizuri kuliko vyote. Bahari iko mkono wa kushoto ikianza kupata rangi, na miti upande wa pili inaangusha majani ambayo wafagiaji wameshaanza kuyakusanya, wengi wao wanawake waliotoka nyumbani mapema kuliko wakimbiaji. Wafagiaji hutoa salamu. Mmoja huuliza kila wiki hizi mbio zinalipa shilingi ngapi, na kila wiki anacheka jibu.

Hapa joto linaanza kuhesabu na lenyewe. Januari na Februari ni kati ya miezi ya joto kali Dar es Salaam, mchana hupita nyuzi 30, na hata alfajiri hewa ni nzito kwa unyevu. Jasho hupooza mwili linapokauka juu ya ngozi. Hewa ikiwa imeshiba maji, jasho halikauki, linadondoka tu, na moyo unalazimika kusukuma damu zaidi kwenye ngozi ili kutoa joto, huku misuli nayo ikiidai. Ndiyo maana mwendo ule ule uliokuwa mwepesi Julai huwa mzito Januari, na mtu hujilaumu kwamba ameshuka kiwango wakati kilichopanda ni unyevu. Mkimbiaji mwenye busara hupunguza kasi. Anayefuata namba huongeza.

Maji nayo yana hesabu yake. Wapo wanaokuja bila chupa kabisa, na wapo walioshtuliwa na hadithi za kuishiwa maji mwilini hata wanabugia lita kwa lita. Yote mawili yana hatari. Maji matupu mengi mno kwa saa nyingi za jasho huzimua chumvi iliyo kwenye damu, na mtu anaweza kuchanganyikiwa na hata kuanguka. Kwa mbio za saa moja, kunywa kwa kiu kunatosha kwa wengi. Dafu la Coco ni tamu na lina madini ya potasiamu kwa wingi, lakini sodiamu, ile chumvi inayotoka na jasho, ndani yake ni kidogo. Mihogo yenye chumvi na pilipili inayofuata baada ya mbio inasaidia zaidi ya muuzaji anavyojua.

Wanapita Hospitali ya Ocean Road, majengo meupe ya enzi za Wajerumani ambako leo hutibiwa wagonjwa wa saratani. Ndugu wa wagonjwa wameshaamka, wengine wameketi wakisubiri milango. Kikundi huwa kinanyamaza kipande hiki bila mtu kuagiza. Mbele yake ni eneo la Ikulu, ambako simu hubaki mfukoni na mwendo hunyooka, kisha ghafla harufu ya samaki.

Feri haina alfajiri, ina mchana wake. Mnada wa samaki umechangamka, wachukuzi wanapita na ndoo vichwani wakipiga miluzi watu wapishe, paka wamenenepa, na pantoni ya Kigamboni inashusha watu mamia kwa mara moja. Mkimbiaji mwenye bukta ya rangi ya kuwaka hapa ni kituko. Hapa ndipo pa kugeuzia. Wanagusa nguzo ya taa, ndiyo desturi, na kurudi.

Mhasibu wa Sinza anafika kwenye nguzo akiwa wa mwisho. Simu yake inasema 123 kwa mwezi. Zimebaki 7. Anagusa nguzo na haondoki.

*

Mtaalamu wa fiziotherapia alikuwa ameshaona. Tangu Aga Khan, anasema, mguu wa kushoto ulikuwa unatua kwa haraka na kuondoka kwa haraka zaidi, kama mtu anayekanyaga bati la moto. Anamwita pembeni, mbali na ndoo.

"Dada, nionyeshe panapouma. Kwa kidole kimoja."

Anainama na kugusa mahali pamoja tu, upande wa ndani wa muundi, kiasi cha kiganja juu ya kifundo. Kijana hapendi jibu hilo. Maumivu yaliyotapakaa kando ya muundi wote mara nyingi ni ya misuli na utando wa mfupa uliochoshwa, na hutulia kwa kupunguza mbio. Maumivu yanayoonyeshwa kwa kidole kimoja ni habari nyingine.

"Usiku yanakuja?"

"Siku hizi yanakuja."

"Hebu ruka kwa mguu huo. Polepole."

Anaruka mara moja. Ya pili haiji. Anashika nguzo.

Wengine wamerudi kuona kulikoni, na sasa kila mmoja ana ushauri. Karani anasema apake dawa ya kuchua. Mwanafunzi anasema avute, zimebaki saba tu, hata kwa kutembea zinahesabika. Mwingine analeta jina ambalo kwa Watanzania hufunga mjadala: John Stephen Akhwari. Mwaka 1968, Olimpiki ya Mexico City, alianguka na kuumia goti, akaendelea akiwa amefungwa bendeji, akaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, wakati watu wengi walishaondoka. Alimaliza.

Mzee anasikiliza mpaka mwisho. Kisha anasema Akhwari alikuwa anaiwakilisha nchi, siku moja, kwenye mashindano ya dunia. "Wewe mwanangu unamwakilisha nani hapa Feri? Mimi ndiye mwenye daftari, na mimi sikudai."

Kuna ukimya mfupi, wa aibu kidogo. Daftari lenyewe ndilo lililomfikisha hapo, na pengine mzee analijua hilo kuliko wote.

Kinachotokea ndani ya mguu wa mkimbiaji mpya hakina siri. Moyo na mapafu hujifunza haraka. Ndani ya wiki chache mtu anahisi pumzi inatosha, anaongeza mwendo. Mfupa ni mwanafunzi wa taratibu. Ukipigwa kila siku, kwanza mwili huondoa sehemu zilizochoka, halafu hujenga upya, na ujenzi huo huchukua wiki nyingi. Mzigo ukiongezeka kabla ujenzi haujakamilika, ufa mdogo huanza. Toka 42 hadi zaidi ya 120 katika miezi minne ni karibu mara tatu. Weka juu yake miteremko ya Mweka, ambako kila hatua ya kushuka hutua kwa kishindo, na jambo moja ambalo mama huyu analisema pale pale nguzoni kijana anapomuuliza: chakula cha usiku amekiacha tangu Oktoba, ili uzito ushuke haraka. Mfupa haujengwi kwa njaa. Kwa wanawake hasa, kula kidogo huku mazoezi yakiongezeka huvuruga homoni, siku zake zinaweza kuyumba, na mifupa hudhoofika. Zake zilikuwa zimeruka mwezi mzima, na alidhani ni mawazo ya kazi.

Hesabu nyingine haikuwahi kupigwa kwenye kundi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima afanye angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa haraka, au dakika 75 za mazoezi makali, kama kukimbia. Septemba, mwezi ambao anauonea haya, mhasibu huyu alikimbia kilomita 42 kwa mwendo wa kama dakika saba na nusu kwa kila kilomita. Hizo ni dakika 315 kwa mwezi, zaidi kidogo ya 73 kwa wiki. Ukiongeza anavyotembea kutoka kituoni hadi ofisini, alikuwa ameshatimiza alichoagizwa kliniki. Zilizofuata zilikuwa za kitu kingine. Si kosa kutafuta kitu kingine. Watu hawaamki saa 10 na nusu kwa ajili ya presha peke yake. Lakini ni vizuri kujua mahali ambapo dawa iliisha na mchezo ukaanza.

Dereva wa bajaji anajitolea kukimbia hadi Coco kufuata chombo chake. Anaambiwa aache ujinga, bajaji ziko hapa tele. Wanasimamisha moja. Mama huyu anapanda na mzee, ambaye anasema na yeye goti lake leo halieleweki, jambo ambalo hakuna anayeliamini.

Kabla bajaji haijaondoka, anatoa simu na kubonyeza kuzima hesabu.

"Umeona?" mzee anawaambia waliobaki. "Hivi ndivyo inavyofanywa."

*

Saa 1:15 asubuhi Coco imeamka. Maturubai yameondolewa, mafuta yanachemka, mihogo inageuka rangi. Magari ya wanaokuja kuogelea yameanza kujipanga na watoto wanakimbia bila kuhesabu chochote. Wanaorudi mmoja mmoja wanaanguka kwenye viti, wengine wanazunguka maegesho kutafuta pointi zao. Aliyetangaza 200 amefika 196 na anakwenda kulala.

Mzee anafungua kitabu. Anasoma jina, mtu anajibu namba, anaandika, makofi. Muuza vitenge 91, ametimiza. Karani 77 kati ya 80, anaomba akopeshwe tatu za Februari, anakataliwa. Mwanafunzi wa raba za Karume 58. Ikifika zamu ya mhasibu, anasema 123 kwa sauti ya kawaida, na mzee anaandika 123 kwa ukubwa ule ule wa nyingine. Hakuna aliyejua kama apige makofi. Halafu wakapiga.

Mumewe alimfuata na gari. Kwa mujibu wa muuza vitenge, hakusema "nilikwambia", ingawa uso wake ulisema, na alinunua mihogo ya watu wote.

Jumatatu alikwenda hospitali. Picha ya eksirei haikuonyesha kitu, jambo la kawaida kwa ufa wa aina hii katika wiki za mwanzo, na daktari alimwonya asilifurahie. Aliulizwa maswali yale yale ya Feri: kidole kimoja, kuruka, usiku, chakula, siku zake. Amepewa wiki sita bila mbio kwa kuanzia, arudi kupimwa, ale vyakula vyenye protini na kalisi ya kutosha, maziwa na dagaa wakiwemo, na asiruke mlo. Kuogelea anaruhusiwa maadamu hakuumi. Presha ilikuwa 126 kwa 80.

Jina lake bado limo kwenye jedwali la Februari, mstari wa 14, na mbele yake mzee ameweka kistari badala ya sifuri.

Kilichomchelewesha siku tatu ni simu ya Mweka. Alihofia mama yake atadhani presha imerudi, au kwamba amekata tamaa. Alipopiga, alianza mbali, akaulizia migomba, akaulizia ng'ombe, mpaka mama akamuuliza anaficha nini. Akaeleza mguu. Akaeleza kwamba tiketi ya basi ameshakata na namba ya kukimbilia ameshalipia, lakini mwaka huu hatapita.

Mama aliuliza kama anaweza kutembea. Akasema ndiyo, taratibu. Basi aje na hiyo tiketi, mama akasema. Barabarani pale jua huwa kali kuanzia saa tatu, na yeye alikuwa ameshapanga kubeba stuli. Atabeba mbili.